Swichi Iko Chumbani kwa Nani?

Mwaka nilioanza kujitegemea nilipanga chumba Makorora, mjini Tanga, katika nyumba ya vyumba sita iliyokuwa na mita moja ya umeme. Meni swichi ilikuwa chumbani kwa baba mwenye nyumba. Ikifika saa nne usiku aliizima, akisema kwamba wapangaji tunamaliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa mambo yasiyo na tija, na nyumba nzima ikaingia gizani isipokuwa mstari mwembamba wa mwanga uliopita chini ya mlango wake, kwa sababu waya wa chumba chake ulichukua umeme kabla haujafika kwenye swichi. Wakati huo nilikuwa nimeazima maktaba riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four, iliyochapishwa mwaka 1949, nami niliimalizia kitandani kwa tochi ya simu, na kila nilipotoka kwenda uani niliuona ule mstari wa mwanga sakafuni.

Hata asiyeisoma riwaya hiyo amepata kusikia habari ya teleskrini, kile kioo kilichobandikwa ukutani katika kila nyumba ya mwanachama wa Chama kinachotawala, ambacho huonyesha picha na kutoa sauti, na wakati huohuo humtazama na kumsikiliza aliyemo chumbani. Mwenye nyumba anaweza kupunguza sauti yake, lakini hawezi kukizima kabisa. Karibu na katikati ya kitabu, Winston, mhusika mkuu, na mpenzi wake Julia wanakwenda kwa siri nyumbani kwa O'Brien, mkubwa mmoja wa Chama, naye ananyanyuka, anabonyeza kitufe ukutani, na sauti ya teleskrini inakatika. Winston anashtuka kiasi kwamba maneno yanamtoka bila kufikiri: kumbe mnaweza kuizima! O'Brien anamjibu kwa utulivu kwamba ndiyo, watu wa daraja lake wana upendeleo huo. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu kifuani, nikakaa muda mrefu bila kufunua ukurasa.

Hadithi za jamii za kubuni zilizooza, ambazo wahakiki wetu huziita za kidistopia, kwa kawaida husomwa kama utabiri wa mashine. Watu hupenda kuuliza Orwell aliziona kamera za barabarani mapema kiasi gani, au nani wa kwanza aliyewaza vifaa vya kusikilizia vya kuchomeka masikioni. Swali hilo lina utamu wake, lakini kwangu halifiki kwenye kiini. Mashine za hadithi hizi hazifanani hata kidogo: moja hutazama, nyingine hubembeleza, nyingine hulisha, nyingine huzalisha watoto kwenye chupa. Jambo linalojirudia kutoka kitabu hadi kitabu ni mpango wa watu walioizunguka mashine hiyo, yaani nani anaweza kuizima, nani anajua kuitengeneza, na mtu aliyeonewa nayo akamlalamikie nani. Hayo ndiyo ninayoyatafuta kila ninapofungua kitabu cha aina hii, na nimeona kwamba waandishi walio makini huyajibu kwa undani kuliko wanavyoieleza mashine yenyewe.

Mtazame Orwell mwenyewe. Nchi yake ya Oceania ni fukara, na ningependa jambo hili lizungumzwe zaidi kuliko teleskrini. Katika ukurasa wa kwanza kabisa Winston anapanda ghorofa saba kwa miguu, akipumzika njiani kwa sababu ya kidonda kilicho juu ya kifundo cha mguu, kwa kuwa lifti ni nadra kufanya kazi na umeme hukatwa mchana kwa kubana matumizi. Nyembe zimeadimika hadi mtu anajinyolea wembe mmoja kwa majuma sita. Lakini anapoufungua mlango wa fleti yake anaikuta teleskrini inaongea bila kukatizwa, inasoma takwimu za uzalishaji wa chuma. Umeme wa kumpandisha mgonjwa ghorofani haukupatikana, na wa kumpeleleza haukukosekana hata dakika moja. Baadaye, katika kitabu cha siri anachokisoma Winston, inaelezwa waziwazi kwamba katika Oceania mashamba hulimwa kwa plau za kukokotwa na farasi huku vitabu vikiandikwa kwa mashine, kwa sababu watawala huruhusu ufundi uendelee pale tu unapoweza kupunguza uhuru wa mtu.

Hivyo vitabu vinavyoandikwa kwa mashine havikunishughulisha nilipokuwa Makorora. Leo vinanishughulisha. Julia ni fundi wa mashine hizo za kutunga riwaya, hutembea na spana mkononi, na nyimbo za walalahoi hutungwa na chombo kingine bila kuguswa na mtu yeyote. Sisi tunaoishi katika siku za akili mnemba, tunaoweza kuagiza shairi likaja kabla chai haijapoa, tungetarajia Orwell auchukie wimbo huo moja kwa moja. Hakufanya hivyo. Anamweka mwanamke mnene, mfuaji wa nguo, anayeanika nepi uani huku pini za kubania nguo zikiwa mdomoni, na kila anapozitoa anauimba wimbo huohuo wa mashine kwa sauti nzuri mno kiasi kwamba takataka ile inageuka kuwa kitu cha kupendeza. Winston anasimama dirishani na kumsikiliza. Naona hapo Orwell alikuwa na imani kubwa zaidi kwa binadamu kuliko anavyosifiwa, kwa sababu mashine ilikuwa imetoa maneno tu, na yule mama ndiye aliyeyatia uhai.

Miaka 40 kabla ya hapo, mwaka 1909, Mwingereza mwingine, E. M. Forster, aliandika hadithi fupi iitwayo The Machine Stops. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyofika mbali kuliko zote, ingawa haina askari, haina gereza, wala haina mtawala mwenye masharubu. Wanadamu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja peke yake katika chumba chenye kuta sita mfano wa kijumba cha nyuki. Chumba kimejaa vitufe: cha chakula, cha muziki, cha maji ya moto, cha kitanda, cha kuzungumza na marafiki. Vashti, mama wa makamo, ana maelfu ya watu anaofahamiana nao kwa njia hiyo na hajawagusa. Mwanawe Kuno, anayeishi upande wa pili wa dunia, anamtokea katika sahani inayong'aa rangi ya buluu na kumwomba aende wakaonane. Mama anashangaa, kwani si anamwona sasa hivi? Kijana anamjibu kwamba anaona kitu kinachofanana na mama yake, lakini mama yake hamwoni.

Sehemu inayonirudia akilini ni ile ya muziki. Siku moja muziki anaousikiliza Vashti unaanza kutoa mikwaruzo. Analalamika kwa kamati inayosimamia ufundi, naye anajibiwa kwamba lalamiko lake litafikishwa panapohusika kwa wakati wake. Siku zinapita. Mikwaruzo inazoeleka, hadi watu wanaihesabu kuwa sehemu ya muziki wenyewe. Baada ya hapo maji ya kuogea yanaanza kunuka, na hilo nalo linazoeleka. Vitanda vinakataa kuja vinapoitwa, na hapo watu wananung'unika kidogo. Mwishowe inatangazwa kwamba chombo kinachotengeneza vyombo vingine vyote nacho kinahitaji kutengenezwa, na katika dunia nzima hakuna mtu mmoja anayeielewa Mashine kwa ukamilifu wake, kila mtu anajua kipande chake tu. Hakuna aliyeficha swichi. Imepotea kwa sababu hakuna tena anayekumbuka kwamba iliwahi kuwepo.

Niliisoma hadithi hiyo kwa mara ya pili Februari 2020, baada ya yaliyompata mama yangu mdogo. Serikali ilikuwa imeagiza laini zote za simu nchini Tanzania zisajiliwe upya kwa alama za vidole, na mwisho wa kusajili, baada ya kuongezwa muda, ukawa tarehe 20 Januari mwaka huo. Mama mdogo anauza samaki wa kukaanga na ng'onda tangu mimi nikiwa mtoto. Viganja vyake ni vigumu kama kamba ya usumba, na ncha za vidole zimelainika kwa chumvi, kisu na magamba hadi zinang'aa. Nilimsindikiza kwa wakala aliyekuwa ameketi chini ya mwavuli wa rangi, na kifaa kidogo chenye kioo kimewekwa juu ya meza ya plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Weka kidole hapo. Usikandamize sana. Toa. Futa, weka tena."

Taa nyekundu. Kidole kingine, taa nyekundu. Vidole kumi viliwekwa kimoja baada ya kingine, na kijana yule, ambaye alikuwa na adabu na uvumilivu mwanzo hadi mwisho, akasema kwa masikitiko, "Mama, vidole vyako havisomeki."

Mama mdogo akamwinulia viganja vyote viwili. "Si hivi hapa, mwanangu? Huvioni?"

Tulirudi kesho yake, ameviosha kwa maji ya vuguvugu na limau, na siku ya tatu amevipaka mafuta ya nazi usiku kucha. Tulikwenda ofisini, tukaambiwa tusubiri, kisha tukaambiwa tatizo linajulikana. Mjumbe wa mtaa alimwandikia barua na kuja naye mwenyewe kaunta, akasimama pembeni yake akisema mama huyu namjua kwa miaka thelathini, ninajua nyumba yake na watoto wake. Yule dada wa kaunta aliisoma barua kwa heshima, akaikunja, akamrudishia, kwa sababu katika kompyuta yake hapakuwa na sehemu ya kuiingizia. Laini ilifungwa. Ndani yake mlikuwa na shilingi 240,000 za upatu wa wanawake 12, na zamu ya wiki ile ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa hospitalini. Ilichukua siku 19 hadi kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilipokubali, bila mtu yeyote kujua kwa nini kilikubali siku hiyo.

Simlaumu kijana wa mwavuli wala dada wa kaunta, na hata usajili wenyewe nauona kuwa ulikuwa na sababu, maana matapeli wa simu wamewaliza watu wengi. Ninachokikumbuka ni kwamba kila mtu tuliyemkuta alimwamini mama mdogo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mamlaka ya kumwamini. Hapo ndipo niliporudi kwa Forster na kuielewa ile kamati inayopokea malalamiko.

Yevgeny Zamyatin, mwandishi wa Kirusi, aliijua mashine kwa mikono yake. Alikuwa mhandisi wa meli, na mwaka 1916 alipelekwa Uingereza kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu kwa ajili ya Urusi. Aliporudi kwao aliandika, kati ya mwaka 1920 na 1921, riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Sisi. Ilipigwa marufuku nyumbani, ikatoka kwa Kiingereza New York mwaka 1924, na haikuchapishwa Urusi hadi mwaka 1988. Katika dola yake watu hawana majina, wana namba. Nyumba zote ni za kioo, na mapazia huteremshwa kwa saa maalumu na kwa tiketi ya rangi ya waridi. Msimulizi, D-503, ni mhandisi kama mwandishi, anajenga chombo cha kwenda kwenye sayari nyingine kuwafikishia viumbe wa huko furaha ya hesabu isiyo na makosa, na uzuri wa kitabu hiki ni kwamba huyu bwana anaipenda kwa moyo wote jedwali la saa linalowaamrisha mamilioni ya watu wainue kijiko kwa pamoja. Mwishoni dola inagundua kwamba ugonjwa unaowafanya watu waasi ni uwezo wa kuwaza, na inabuni upasuaji wa kuuondoa kwa mionzi. D-503 anafanyiwa, kisha anaketi akitabasamu na kumtazama mwanamke aliyempenda akiteswa.

Kila ninapolitaja jina la riwaya hiyo namkumbuka Katama Mkangi. Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 wakati wa utawala wa Moi, alitoa mwaka 1995 riwaya ya Walenisi, na jina hilo ukilikata vizuri linasema "wale ni sisi". Dzombo, mhusika wake mkuu, anahukumiwa kufa kwa sababu ya fikra zake, na chombo cha kumuulia ni chombo cha angani. Anatiwa ndani kikarushwa. Badala ya kufa, Dzombo anajifunza kukiendesha, na chombo kilichotengenezwa kuwa kaburi lake kinamfikisha katika nchi ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa haki na usawa. Chombo cha D-503 kilijengwa kueneza utii, na cha Dzombo kilijengwa kuwanyamazisha wenye fikra, lakini hiki cha pili kikaangukia mikononi mwa mtu aliyekubali kujifunza namna kinavyokwenda. Sijui kama Mkangi alipata kumsoma Zamyatin, na kwangu si hoja. Nashukuru tu kwamba katika Kiswahili tunayo hadithi ambamo mfungwa anaushika usukani.

Tunayo pia hadithi nyingine ambayo wengi wetu tuliisoma bila kufikiri kwamba inahusu teknolojia. Fortunatus Kawegere aliitafsiri Animal Farm ya Orwell kwa jina la Shamba la Wanyama, ikachapishwa Nairobi mwaka 1967, na watoto wa shule za Afrika Mashariki wakaijua kama hadithi ya nguruwe wasaliti. Irudie ukitazama kinu cha upepo tu. Wanyama wanaahidiwa kwamba kinu hicho kitazalisha umeme, mabanda yatakuwa na taa na joto, na kazi itapungua hadi siku tatu kwa wiki. Wanavunjika migongo kukijenga, kinaanguka, wanakijenga tena, kinalipuliwa, wanakijenga tena, na farasi Boxer anaishilizia nguvu zake humo. Kinapokamilika hakizalishi umeme hata kidogo, kinasaga nafaka kwa ajili ya faida. Mabanda yanabaki gizani, na wanyama wengi wamekwisha kusahau kwamba waliahidiwa taa. Nimefanya kazi vijijini penye nguzo za umeme zilizopita juu ya mapaa ya watu kuelekea kwingine, na hakuna ukurasa wa Orwell unaoniuma kama huo.

Aldous Huxley huwekwa upande wa pili wa Orwell, na kwa haki. Katika Brave New World ya mwaka 1932 hakuna anayetazamwa kwa nguvu. Watoto hutengenezwa kwenye chupa katika kituo kilichopo London, yai moja likigawanywa hata kufikia mapacha 96, na kila tabaka hufundishwa usingizini kuridhika na tabaka lake. Anayehuzunika hupewa kidonge cha dawa ya kuliwaza iitwayo "soma". Wasomaji hukumbuka chupa na kidonge, lakini mimi hukumbuka mazungumzo ya mwishoni, ambapo Mustapha Mond, mmoja wa wadhibiti wa dunia, anafunua jambo lisilotarajiwa: sayansi nayo imefungwa kamba. Ofisi ya uvumbuzi imejaa michoro ya mashine za kupunguza kazi, maelfu kwa maelfu, na zote zimewekwa kabatini. Kufupisha siku ya kazi ya matabaka ya chini kungewezekana kesho asubuhi, ila wakubwa wameamua kwamba muda wa ziada ungewapa watu hao mashaka. Jamii tunayoambiwa kwamba imeendelea kupita kiasi imezuia maendeleo yake kwa makusudi.

Watu wa Huxley hupanga foleni kwa hiari yao kusubiri kidonge. Nilifikiria foleni hizo mwishoni mwa Julai 2023, wakati maelfu ya vijana wa Nairobi walipojipanga kwenye jumba la KICC ili mboni za macho yao zipigwe picha na mpira wa chuma wa mradi wa Worldcoin, kwa sarafu ya kidijiti iliyokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Wengi mitandaoni waliwacheka vijana wale, na kicheko hicho kilinisikitisha, kwa sababu shilingi 7,000 kwa mtu asiye na kazi ni unga na kodi ya mwezi, na anayeuza picha ya jicho lake kwa bei hiyo ameshapiga hesabu anayoijua vizuri kuliko sisi.

Kuhusu Ray Bradbury sitasema mengi. Fahrenheit 451 ya mwaka 1953 imezungumzwa sana kwa ajili ya zimamoto wanaochoma vitabu. Mimi hunikaa akilini usiku ule Mildred, mke wa Montag, mmoja wa zimamoto hao, aliyezungukwa na kuta tatu za runinga na anayeitaka ya nne, anapomeza vidonge vingi hadi kupoteza fahamu. Wanaokuja kumwokoa si madaktari, ni mafundi wawili wenye sigara midomoni na mashine ya kufyonza sumu tumboni. Wanaeleza kwamba kesi za namna hiyo ni tisa au kumi kila usiku, kwa hiyo mashine imebuniwa na daktari hahitajiki. Wanakunja mirija yao na kuondoka. Mildred anaamka asubuhi na njaa, hakumbuki chochote, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Waandishi wote hawa waliogopa mashine isiyozimika. Sisi tumeyaona na ya pili, yaani mashine iliyokwisha kuwa njia ya maisha ikizimwa na mkono usioonekana. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikarudi baada ya karibu siku 20. Nchini Uganda ilikatwa usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, kwa siku kadhaa, nchi nzima. Kwa aliye Goma au Gulu anayeuza, anayenunua, anayetuma ada ya mtoto na kuulizia mgonjwa kwa simu, giza hilo si la habari peke yake.

Margaret Atwood aliliona hilo mapema. The Handmaid's Tale ilitoka mwaka 1985, na mwandishi mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakutia humo jambo ambalo wanadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani. Gileadi, dola ya kubuni ya kitabu hicho, inajulikana kwa nguo nyekundu na kofia nyeupe, lakini mlango wa kuingilia Gileadi ni kadi ya benki. Fedha za karatasi zimekwisha kuondolewa, kila mtu analipa kwa namba yake. Asubuhi moja msimulizi anaingia dukani kununua sigara kama kawaida, anamkuta kijana asiyemjua mahali pa yule mama aliyemzoea, na kijana anamwambia kwamba namba yake haikubali. Anabisha, kwa kuwa ana maelfu kwenye akaunti. Kijana anaijaribu tena, inakataa. Siku hiyohiyo wanawake wote wanafukuzwa kazini, na jioni rafiki yake Moira anamfafanulia kwamba akaunti zote zenye alama ya mwanamke zimefungwa kwa kubonyeza vitufe vichache, na fedha zitahamishiwa kwa waume zao au ndugu wa kiume wa karibu. Hakuna aliyevunja mlango wa mtu. Ilitosha kwamba orodha ilikuwa imeshaandaliwa, kwa sababu nyingine kabisa, na watu wengine.

Baada ya hapo Gileadi inawanyang'anya wanawake hata herufi. Mabango ya maduka yanageuzwa kuwa picha, na kusoma kunakuwa kosa. Mashine zinabaki kwa matumizi mengine: kuna duka lenye mashine zinazochapisha dua usiku na mchana, dua zilizoagizwa na kulipiwa kwa simu, huku sauti za chuma zikizisoma, na karatasi zikikamilika zinarudishwa ndani zitumike tena.

Mwaka jana nilimsimulia mama mdogo hadithi hiyo. Tulikuwa tumeketi uani kwake jioni, yeye akiparua changu kwa ajili ya kukaanga kesho, magamba yakimrukia hadi kwenye kanga. Nilimsimulia tangu dukani, kijana na namba inayokataa, na hapo alicheka kidogo bila kuinua uso, akasema, "Taa nyekundu hiyo." Nikaendelea hadi fedha zilipohamishiwa kwa mume. Akasimamisha kisu.

"Na huyo mume alisema nini?"

Nilimweleza kama ilivyo kitabuni: mume, ambaye ni mtu mwema na anampenda mkewe, alimkumbatia akamwambia asijali, yeye atamtunza daima. Na kwamba usiku ule mke alihisi kwa mara ya kwanza kuwa mumewe hakuumizwa na jambo lile kama yeye.

Mama mdogo alikaa kimya. Akamgeuza samaki upande wa pili, akaparua kuanzia mkiani kwenda kichwani, polepole kuliko mwanzo. Kisha akaniambia nimsogezee beseni, na alipokuwa anawasuuza akanieleza kwamba tangu mambo yale ya laini wanawake wa upatu walikaa wakakubaliana: nusu ya fedha inakaa kwenye simu, nusu inakaa kwenye kopo la maziwa, na kopo hilo linahama nyumba kila mwezi. Anayelipokea husaini kwenye daftari mbele ya wenzake wote. Asiyejua kuandika hutajwa jina lake kwa sauti, na wote kumi na mmoja huitikia kwamba wanamjua.